Kutojua kwa Hiari

Je, yafaa mtu alaumiwe kwa jambo asilolijua? Jibu lijalo kwanza ulimini ni kwamba haifai. Hatumlaumu mgeni aliyekanyaga kaburi lisilo na alama. Lakini swali hili lina mlango wa nyuma, nao ndio nitakao kuupitia: itakuwaje ikiwa kule kutojua amekutafuta mwenyewe?

Swali hili sikulipata maktabani. Nalilipata barabarani, nikirudi Dar es Salaam kutoka Ilula, mkoa wa Iringa, katika lori lililosheheni matenga ya nyanya za soko la Ilala. Mbele tulikuwa watatu: dereva, mtu wa makamo, utingo wake, kijana wa maneno machache, na mimi, abiria wa hisani. Tuliteremka mlima Kitonga salama. Tuliposimama Ruaha Mbuyuni kula, utingo aliinama chini ya gari, akainuka na vidole vilivyolowa maji ya kijani.

"Mzee, rejeta inavuja."

"Ni tone tu, kijana. Nyanya hazingoji."

Kwa upande mmoja dereva alikuwa na haki. Nyanya iliyoiva haijui udhuru, na jua la bondeni lilikuwa kali. Basi akatumia tiba ya kale ijulikanayo na madereva wa nchi nyingi. Alingoja injini ipoe, akafungua mfuniko kwa kitambaa, akamimina ute wa mayai mawili. Ute huo huiva kwa joto la maji, huchukuliwa na mkondo mpaka penye tundu, ukaziba. Ila ya tiba hii ni kwamba yai halina akili ya kupambanua tundu la uharibifu na vile vijia vyembamba ambavyo rejeta imeundiwa ili maji yapoe. Huweza kuziba vyote. Kisha akaulegeza mfuniko. Mfuniko ukikazwa, maji hukaa katika shinikizo, hata yakapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukilegezwa, uvujaji hupungua, lakini maji huchemka mapema. Kila nafuu tuliyoipata ilikuwa imekopwa mahali pengine.

Hata hapo sioni kosa kubwa. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuja katika maneno manne aliyoyasema akiwasha gari: "Sasa tutatazama tukifika Morogoro." Mikumi mjini tungeweza kusimama, maji yapo na mafundi wapo, tulipita. Baada ya hapo barabara huingia katika hifadhi ya wanyama, wala hapana mtu mwenye busara ashukaye garini humo kupekua injini. Katikati ya hifadhi mshale wa joto ulipanda hata ukakaribia mwisho, nasi tukanyamaza. Ghafula ukashuka. Dereva akasema alhamdulillahi, nami nikaitikia. Utingo hakuitikia.

Baadaye nalifahamu sababu. Kipimo kile hupima joto la maji yanayokigusa. Maji yakipungua hata yakakiacha, hubaki hewani, na mshale waweza kushuka huku chuma kikiungua. Tulikuwa tumemshukuru Mungu kwa ajili ya shahidi aliyekatwa ulimi.

Karibu na Doma injini iligonga, ikakosa nguvu, ikazimika. Dereva alitaka maji baridi yamiminwe papo hapo. Utingo alimzuia, kwani chuma chenye moto hupasuka kwa maji baridi. Katika fadhaa ile yeye ndiye aliyekumbuka pia kufukia kwa mchanga kidimbwi cha kijani kilichobaki chini ya gari, maana dawa ile ni tamu na ni sumu, na mbuzi wa watu walikuwa karibu.

Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, alichapisha mwaka 1877 insha juu ya maadili ya kuamini. Humo yumo mwenye meli aliyeijua meli yake kuwa kuukuu, akajisemeza kwamba imekwisha kuvuka safari nyingi, hata akaamini kwa moyo safi kuwa itafika. Meli ikazama na abiria wake. Clifford amhukumu kuwa ana hatia, na aongeza kwamba hatia ingekuwa ile ile hata kama meli ingefika, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Nakubali. Dereva wetu naye hakusema uwongo alipotoa shukrani. Alikuwa ameipata imani yake kwa kutotazama.

Lakini hukumu hii ikimwangukia dereva peke yake yanitia shaka. Mwenye meli wa Clifford alipokea fedha za bima. Dereva huyu hakuwa na bima ila mikono yake. Njia nzima mwenye gari alimpigia simu kuuliza, "Mmefika wapi?" Hata mara moja hakuuliza, "Maji je?" Hakutaka kujua, na ujira aliolipa ulikuwa pia bei ya kutojua kwake. Mkubwa huweza kumwajiri mtu ajue badala yake, kisha amlaumu kwa kujua. Kariakoo, jirani na soko lile, imerithi jina la wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi, na hesabu yao kamili haijulikani mpaka leo. Hesabu isiyojulikana ni nyepesi kuibeba.

Na abiria? Mimi nalikiona kile kidole kilicholowa. Nalikuwa na somo la kufundisha asubuhi, nikajiambia kwamba gari si langu na ufundi si wangu. Yote mawili yalikuwa kweli, na ukweli wake ndio ulionifaa.

Nyanya zilihamishiwa lori jingine kesho yake, nyingi zimekwisha kuoza. Siku chache baadaye nalikwenda Ilala kuchukua mzigo wangu, nikawakuta wote watatu kibarazani kwa mwenye gari. Shauri lilikuwa limekatwa: mshahara wa utingo wa mwezi ule ungezuiwa, maana kutazama maji ni kazi ya utingo. Dereva alitazama chini. Kijana hakujitetea, alinigeukia tu.

"Mwalimu, si ulikuwapo? Si uliona?"

Mwenye gari naye akanigeukia, akingoja.