Jina na Pingili

Katika arobaini ya mjomba, wasifu wake ulisomwa kwa dakika tatu: mtafiti wa mazao, askari aliyepigana vita vya Kagera, mpenzi wa kuvua kwa mshipi. Dua ikaitikiwa, pilau ikapakuliwa. Mimi nikabaki na swali ambalo halijanitoka: tunaposema tunamkumbuka marehemu, tunakumbuka nini hasa?

Mjomba alikuwa na majibu mawili, na hayakupatana.

Moja alilipata shambani. Kazi yake ilikuwa muhogo, na hakuchoka kusimulia habari za Amani, kule milima ya Usambara, ambako tangu miaka ya 1930 watafiti walihangaika na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira uliopandwa zama za Wajerumani kwa ajili ya utomvu, kisha wakaurejesha kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, hadi ikapatikana miche inayohimili maradhi na yenye mizizi inayolika. Mche mmoja ulipewa namba 46106/27. Kazi ile ikasimama, watafiti wakaondoka, madaftari yakafungwa. Mmea haukufa. Pwani ya Kenya wakulima wakauita Kaleso, kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga, na vinasaba vilipokuja kupimwa miaka mingi baadaye, ikaonekana ni mmea uleule.

Uleule kweli, maana muhogo hupandwa kwa pingili. Kaleso wa leo si mjukuu wa mche wa Amani. Ni mche wenyewe, umekatwa ukapandwa, ukakatwa ukapandwa. Mama anayeuchimba hajapata kusikia habari za Storey, Nichols wala Jennings, watafiti wale wa Amani, na jasho lao limo kapuni mwake. Mjomba hakuona dhuluma hapo. Alisema mbegu ikishapewa jina na mkulima, ndipo imepokewa nyumbani.

Lakini kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mtu huyohuyo aliketi barazani kabla ya alfajiri akataja wenzake waliobaki vitani, jina na ubini, polepole. Baadhi yao wamelala Kaboya, Muleba. Ukimkatiza, alianza upya. Hapo jina lilikuwa kila kitu.

Kwa miaka mingi niliona anajipinga: aliyeridhika kazi yake isiitwe kwa jina lake anawezaje kushikilia hivyo majina ya wengine? Leo naona alikuwa na mizani. Wale vijana walikufa kabla ya kupanda chochote. Hawakuacha shamba, wengine hawakuacha mtoto. Hakuna mkono unaoendeleza walichokianza. Jina ndiyo pingili pekee waliyoiacha, naye alikuwa akiipanda kila mwaka. Mtafiti anaweza kusahaulika akaendelea kuwapo. Askari aliyeuawa na miaka ishirini hana nafasi hiyo, na kumnyima jina ni kumuua mara ya pili. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu majina yale sikuyaandika. Nilidhani mjomba angekuwapo siku zote kuyataja.

Na uvuvi je? Pale mwambani, karibu na mlango wa mto Pangani, hakuzungumzia mbegu wala vita. Alifunga chubwi, akatia chambo, akazungusha mshipi kidoleni akangoja. Samaki wengi aliwagawia watoto waliokuwa wakitutazama. Hapo hakuna alichoacha, si mmea, si orodha, na bado ndipo ninapomwona waziwazi kuliko kwingine kote.

Bamvua lililopita nilikwenda palepale. Samaki akadonoa, nikangoja adonoe tena ndipo nivute, na wakati huo sikuwa nikimfikiria mjomba hata kidogo. Nilipokuwa namtoa changu ndoana mdomoni, nikajikuta nataja kwa sauti majina mawili ya barazani, mawili tu niliyoyashika. Kisha nikataja la tatu, lake.