Chanda Chema Huvikwa Pete



Wazee wetu walituachia methali hii: Chanda chema huvikwa pete. Itazameni vizuri. Haisemi kwamba pete hukifanya kidole kuwa chema. Kidole kimekuwa chema kwanza, ndipo pete ikaja. Lakini wako watu wengi waipinduao methali hiyo: hununua pete kwanza, kisha hungoja kidole kiwe chema kwa nguvu ya pete.

Tuchukue mfano. Kijana mmoja akaa kijijini, nyuma ya Lubunga. Siku ya arusi amesikia gitaa likipigwa, na moyo wake umewaka. Kutamani hivyo si kosa, kwa maana muziki huwafurahisha watu na kuwakusanya pamoja. Asubuhi avuka mto kwenda Kisangani mjini. Je, atafuta mwalimu? La, atafuta duka. Achagua gitaa la umeme lililo ghali kuliko yote, pamoja na chombo chake cha kukuza sauti. Fedha hazitoshi, basi amkopa mjomba wake, auza na mbuzi wawili wa mama yake, waliowekwa kwa ajili ya karo ya wadogo zake. Arudi nyumbani kwa shangwe. Kijijini hakuna umeme. Tena liko jambo lililo baya zaidi: hajui kupiga gitaa.

Sasa tuulize: kijana huyu amekosa nini? Wengi watajibu, “Amepoteza fedha, tena fedha za wengine.” Ni kweli, na deni la mama ni deni zito. Lakini jibu hilo halitoshi. Kama angalikuwa tajiri, asiye na mdogo wa kusomesha, je, asingalipata hasara yo yote? Tutafute zaidi.

Hasara ya kwanza: amedhani kitu na ujuzi ni mamoja. Kitu hununuliwa kwa siku moja. Ujuzi huja kwa siku nyingi, kwa vidole vilivyoota sugu, wala hakuna duka liuzalo sugu.

Hasara ya pili: amenunua jina kabla ya kazi. Alitaka kuitwa mpiga gitaa kuliko alivyotaka kupiga gitaa.

Hasara ya tatu ndiyo kubwa: amejinyima ruhusa ya kukosea. Mwenye gitaa la kuazima akikosea, watu hucheka kidogo na kumwambia, “Jaribu tena.” Mwenye gitaa la ghali akikosea, hutazamwa kwa mshangao, naye huona haya. Kwa kuona haya hujificha. Kwa kujificha hajizoezi. Kwa kutojizoeza hajui. Miezi michache ikipita, gitaa lalala chini ya kitanda. Hivyo chombo kilichonunuliwa ili kimsaidie kujifunza ndicho kilichomzuia, kwa sababu kilimvika heshima ya fundi naye angali mwanafunzi.

Tazameni Wagenya, jirani zetu wa maporomoko ya Kisangani. Husimamisha magogo makubwa katikati ya maji yaendayo kasi, huyafunga kwa kamba za msituni, kisha hutundika vikapu vikubwa vya kuvulia samaki. Kila apitaye huvishangaa vikapu. Lakini mgeni akipewa kikapu kile leo, atavua nini? Pengine mto utamchukua yeye pamoja na kikapu. Kikapu ni sehemu ndogo ya uvuvi ule. Sehemu kubwa ni mwili uliozoea maji tangu utoto, na jicho lijualo mkondo uliopo leo.

Au mkumbukeni François Luambo, aitwaye Franco, aliyezaliwa mwaka 1938 katika Kongo ya chini. Alipokuwa mtoto huko Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mama yake aliuza maandazi sokoni, naye alijifunza kwa gitaa alilojitengenezea mwenyewe, lenye nyuzi za waya. Mwaka 1953 aliingia katika studio ya Loningisa, na mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz. Gitaa lililo zuri lilipofika, lilikuta mkono ulio tayari.

Na katika Maandiko, Daudi alivikwa silaha za mfalme Sauli. Zilikuwa silaha nzuri, lakini hakuzizoea. Akazivua, akarudia kombeo lake.

Labda mmoja atauliza: “Je, chombo kibovu hakimvunji moyo mwanafunzi?” Swali hili ni la haki. Gitaa lisiloshika sauti huliharibu sikio, na jembe lililolegea huumiza mkono. Hatusemi basi kwamba umaskini wa chombo ni fadhila. Twasema chombo kiitoshe kazi ya leo. Gitaa la zamani, lililotengenezwa na mtu ajuaye, litakutosha mwaka mzima. Kikapu kidogo kikijaa samaki kila siku, ndipo usuke kikubwa. Kazi yenyewe ndiyo iombe chombo kipya, wala si jicho.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, kila mmoja ajiulize mambo matatu. Kama hakuna mtu atakayeniona, je, ningali nakitaka kitu hiki? Je, nimekwisha kufanya yote niwezayo kwa kile nilicho nacho? Na ni nani atakayekosa chakula au karo kwa ajili yangu?

Na yule kijana wetu afanye nini? Auze chombo cha kukuza sauti, amlipe mjomba wake, awarudishe mbuzi wa mama. Yatakayobaki ayalipe kwa jasho lake. Gitaa asiliuze. Bila umeme litatoa sauti ndogo sana, lakini yatosha mtu ajifunzaye. Akae nalo jioni mlangoni pa nyumba, mbele ya watu, apige vibaya pasipo kuona haya. Na kesho apige vibaya kidogo kuliko jana.

Mwanzo wa ngoma ni lele.