Ukiandika "tii" ukabonyeza Tafuta

Andika herufi tatu, t-i-i, kwenye programu ya Biblia ya Kiswahili inayotafuta hata vipande vya maneno. Kabla hujapepesa jicho utaletewa orodha ndefu, na humo ndani utaikuta Waefeso 5:22, ile inayowaambia wake wawatii waume zao. Aya ya 21 haimo. Programu haijaharibika. Watafsiri wa Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tunayo kwenye simu, walitumia "kunyenyekeana" katika aya ya 21, kisha "kutii" katika aya ya 22. Kwa mashine, hayo ni maneno mawili yasiyojuana.

Kwa Kigiriki yanajuana sana. Aya ya 21 inawaambia Wakristo wote, wake kwa waume, wanyenyekeane. Na katika baadhi ya hati za kale zaidi zilizopo, aya ya 22 haina kitenzi kabisa; inaazima kile cha aya ya 21. Kwa hiyo hii aya tunayotumiana peke yake kila siku, katika lugha iliyoandikwa kwanza, haiwezi hata kusimama peke yake. Namba zinazotenganisha hizo aya mbili hazikuwekwa na mwandishi wa barua. Aliziweka mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka wa 1551.

Unaweza kusema haya ni mambo ya wasomi wa theolojia, yawaachie wenyewe. Sawa, lakini kuna dada mmoja tuliyekua naye mtaa mmoja hapa Nairobi. Usiku mmoja alimwandikia mzee wa kanisa lao kwamba mumewe amempiga tena. Jibu lilifika haraka: "Mwanangu, soma hii." Chini yake Waefeso 5:22, halafu Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana. Basi. Hata "umeumia wapi?" haikuwepo. Kesho yake alinionyesha simu, jicho moja limevimba, akaniuliza, "Sasa kama imeandikwa, nitabishana na nani?"

Ugumu wa swali lake ni kwamba mzee hakudanganya. Aya zote mbili zipo, hakuongeza neno. Ni kweli Malaki aliikata katikati, maana nusu ya pili ya aya hiyohiyo inamgeukia mwanamume mwenye udhalimu, na hiyo nusu haikutumwa. Lakini hata angeituma nzima, bado kuna kitu kingenikwaza, nacho kilitokea mapema zaidi.

Kile kisanduku cha kutafutia hakikuulizi shida ni nini. Kinataka neno. Na neno unalochagua ndilo uamuzi wenyewe. Mbele ya ujumbe uleule wa mwanamke aliyepigwa, mtu angeweza kuandika "dhuluma", au "jeuri", au "mnyonge", akaletewa manabii wakinguruma ukurasa baada ya ukurasa. Kwa majibu aliyotuma, mzee huyu alikuwa amekwenda moja kwa moja kwa "tii" na "kuachana". Hukumu ilikuwa imeshatolewa kabla Biblia haijafunguka. Kilichobaki ni kuitafutia sahihi ya Mungu. Hapo ndipo ninapoona ubaya: mtu ameamua jambo mwenyewe, kisha anasimama kando kana kwamba yeye ni tarishi tu, barua ameikabidhiwa. Ukiuliza, atakwambia si mimi niliyesema. Lakini ni yeye aliyechagua.

Tusiisingizie simu, tafadhali. Watawa wa Kidominiko kule Paris walikuwa wakipanga maneno ya Biblia kwa orodha tangu karne ya 13, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher. Alexander Cruden alichapisha ya kwake London mwaka wa 1737. Kanisani hicho kitabu huitwa itifaki, na ukiwa nacho unaweza kupindisha aya vizuri tu bila bando. Ibilisi mwenyewe alimnukulia Yesu Zaburi ya 91 bila kifaa chochote, akaishia pale tu kabla ya mstari unaozungumzia kumkanyaga nyoka. (Angalau alijua pa kusimamia.)

Tofauti ninayoiona ni ndogo. Itifaki ya karatasi ilikupa namba na kipande cha maneno, halafu ilibidi ufungue Biblia yenyewe, kidole kipite kwenye majirani wa hiyo aya. Ukitafuta 22, jicho linaangukia 21 hata kama hukutaka. Siku hizi aya inakuja imeshakatwa, na picha ya jua likichomoza nyuma yake, tayari kusambazwa.

Hata hivyo, sitaki turudi kule ambako itifaki ilikuwa rafuni kwa mchungaji na hakuna mwingine. Kwa sababu yule dada naye ana simu. Tulikaa kwenye ngazi za ploti yao tukaandika "udhalimu", tukasoma mpaka chaji ikaisha. Mengi hayakutuhusu, mengine yalikuwa vita vya wafalme. Lakini tulisoma sura nzima nzima, na alipofika Malaki 2 akaisoma ile nusu ya pili mara mbili, kwa sauti.

Halafu tukaandika "waume", kuona tu. Kati ya majibu kulikuwa na Esta 1:20, kwamba wake wote watawaheshimu waume zao, wakubwa kwa wadogo. Ukiisoma hivyo, utadhani ni amri nyingine ya Mungu. Fungua sura. Mfalme Ahasuero amekuwa kwenye karamu siku saba, divai imempanda, amemwita malkia Vashti aje waalikwa wautazame uzuri wake, na Vashti amekataa. Anayesema maneno hayo ni Memukani, mshauri wa mfalme, mwenye hofu kwamba wake za wakubwa wengine watasikia nao waanze kukataa. Programu ilikuwa imeyaweka kwenye orodha ileile, kwa herufi zilezile, bila kusema msemaji ni nani.