Zakayo Alikuwa na Hesabu Mbili

Kila Jumatano ya Majivu tunasomewa sura ya 6 ya Injili ya Matayo, mahali Yesu anapowasema watu wanaopiga tarumbeta wakitoa sadaka. Hao, anasema, mshahara wao wamekwisha kuupokea. Vijana wa kipaimara ninaowafundisha hapa Katuba, mjini Lubumbashi, hawahitaji maelezo juu ya tarumbeta. Wameziona: gari la kampuni ya mgodi lenye vipaza sauti, fulana zenye nembo, mpiga picha wa televisheni, na utepe unaomngoja mheshimiwa aje na mkasi.

Mwaka juzi msichana mmoja, mwepesi wa kufungua Biblia kuliko mimi, aliuliza kama kampuni inayojenga shule na kuandika jina lake ukutani inatenda dhambi. Kabla sijajibu akarudi nyuma hadi sura ya 5, mahali Yesu huyo huyo anapowaambia wanafunzi wake waiache nuru yao iangaze, watu wayaone matendo yao mema. "Papa Katekista, sasa tufuate gani?"

Mtakatifu Agostino alikutana na fundo hilo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Kwa ufupi, jibu lake ni kwamba kuonekana si kosa. Kosa ni mtu kutafuta aonekane, na nia yake ikomee hapo. Kwa mtu mmoja mmoja jibu hilo linanitosha. Nikilipeleka kwa kampuni linakwama. Kampuni ina wanahisa walio mbali, ina mkurugenzi anayebadilishwa kila baada ya muda, na ina ofisi ya mahusiano na jamii ambamo amekaa kijana wetu aliyesoma hapa hapa kwenye chuo kikuu chetu, UNILU. Huyo kijana namfahamu. Akiona mtoto mgonjwa machozi humlengalenga, na si ya kuigiza. Basi nia ya nani tuipime? Ya kijana ni safi. Wanahisa hawajui hata Katuba iko upande gani wa reli.

Kabla ya kustaafu nilifundisha falsafa kidogo katika madarasa ya mwisho ya sekondari, na kila mwaka tulimpitia Kant na mwenye duka wake. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 anamtaja mfanyabiashara asiyempunja hata mtoto mdogo, maana jina la uaminifu linamletea wateja. Huyo, kwa Kant, ametenda lililo sawa bila kulitenda kwa sababu ni sawa, basi sifa ya maadili hana. Wanafunzi wangu walikubali, halafu wakauliza jambo ambalo Kant hakulishughulikia: na mtoto, je? Mtoto amekwenda nyumbani na chenji yake kamili.

Mji huu wote ulilelewa na mwenye duka huyo. Kampuni ya migodi, Union Minière, ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa mwaka 1911. Miaka ya mwanzo watu waliletwa kwa mikataba mifupi. Magonjwa yakawamaliza, wengine wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilipiga hesabu ikaona ni nafuu kumkalisha mfanyakazi na mke na watoto kuliko kwenda kumtafuta mwingine mbali. Ndipo zikaja nyumba za matofali, hospitali za uzazi, maziwa ya watoto, na shule zilizoshikwa na wamisionari Wabenedikto. Wema ule ulizaliwa kwenye daftari la gharama. Ulikuwa wa uongo? Watoto waliokuwa wakifa waliacha kufa ovyo. Mimi mwenyewe nilizaliwa kambini, wakati kampuni imekwisha kuwa Gécamines, nikala unga na makayabu (samaki wa chumvi) ya posho, nikaandika kwenye daftari la bure, na baba akarudi jioni kutoka kwenye tanuru, chini ya lile bomba la moshi ambalo kila mgeni analipiga picha. Sitamkufuru mtu aliyenilisha.

Ila kuna Desemba 1941. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu, na wafanyakazi waliomba nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini. Askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa, akiwemo karani Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba yao, na wanahistoria bado wanabishana juu ya idadi. Siku hiyo hospitali ya uzazi ilikuwa wazi. Maziwa yalikuwa yakigawiwa. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sioni unafiki ndani yake. Naona kitu kibaya zaidi. Kampuni ilikuwa tayari kutoa mambo mengi sana, mradi isidaiwe. Mtoto anayepewa maziwa anasema asante. Mtu mzima anayedai franka zake amevunja adabu ya nyumba.

Na nyumba hiyo ilikuwa na baba. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, alitoa mwaka 2001 kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hawa, na kichwa chake kinawaita wana wa shaba walioachwa na baba yao. Kilikuja baada ya miaka kumi ya kuporomoka: mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba, mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka, kisha mishahara ikaanza kuruka miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, mpango ulioitwa wa hiari. Baadaye baadhi yao waliunda umoja wa kudai haki zao. Nadhani ilikuwa vigumu kwao kuliko wanavyoona watu wa nje, maana mahali pa kazi palipokuwa baba na mama, kupeleka karatasi ya madai ni kama kumshitaki mzazi.

Sasa wenye leseni za kuchimba ni wengi, na baba hakuna. Badala yake kuna uzinduzi.

Nilialikwa kwenye mmoja, katika kartie (mtaa) ya pembezoni, kufungua foraji (kisima kirefu cha pampu) kwa sala. Kampuni sitaitaja. Tangi jeusi la plastiki lilikaa juu ya mnara wa chuma, chini yake mabomba sita mapya yanang'aa, na ubao mkubwa kuliko mlango wa nyumba yoyote iliyokuwa karibu ukieleza kwamba maji haya ni zawadi kwa wananchi. Akina mama walikuwa wamepanga bidoni zao za njano tangu alfajiri. Waliambiwa wangoje nyuma ya utepe, na mgeni rasmi akafika jua likiwa utosini. Dakika chache kabla ya zamu yangu kijana mmoja akanikabidhi karatasi: sala yangu ilikuwa imekwisha kuchapwa. Jina la kampuni limo mara tatu, la Mungu mara mbili.

Niliikunja nikaitia mfukoni. Nikawaombea waliochimba, watakaokunywa na watakaolinda pampu, nikasema Amina. Tukiwa njiani kurudi, mama mmoja muuza makaa, jirani yangu, alinikemea. "Papa, haukutaja benye kutoa." Nikamwambia nilikusudia. Akacheka. "Aksanti haina bei. Ubape tu, siye tuteke mayi."

Nusu ya maneno yake nayakubali, na mtu asiyebeba bidoni kichwani asimjibu upesi. Lakini asante ile ilikuwa na bei. Masika yalipopita pampu ilisimama. Watu wakaenda kwa shefu wa kartie, naye akasema kwa unyofu kabisa: tutaanzaje kumsumbua mtu aliyetupa bure? Hapo ndipo nilipoiona kazi ya ule ubao. Ubao haukuwa unawatangazia watu wa ng'ambo tu, ambao wangeuona kwenye ripoti yenye karatasi laini. Ulikuwa ukiwasemesha wenye bidoni, kuwaambia kwamba hawana cha kudai.

Nao wanacho. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa Machi 2018, na tangu hapo kampuni yenye kibali cha kuchimba inatakiwa kutenga si chini ya asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii inayoizunguka. Ukiuza shaba ya dola milioni 100, dola 300,000 si zako. Kuna pia cahier des charges, ahadi zilizoandikwa na kutiwa sahihi pamoja na wawakilishi wa wenyeji. Mrabaha wa madini nao umegawanywa: nusu serikali kuu, asilimia 25 mkoa, asilimia 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mtu anayekata utepe mbele ya kitu kilichojengwa kwa ile 0.3 anazindua risiti. (Mheshimiwa anayeshika mkasi anajua hesabu hizi kuliko mimi, na ile asilimia 15 imepitia mikono ya wenzake. Nisiiache serikali ijifiche nyuma ya kampuni.)

Kwa hiyo yule msichana wa kipaimara nilimpeleka kwa Luka, sura ya 19. Zakayo ni mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, tajiri, mfupi, mtu wa kuchekwa. Yesu anaingia kwake na mji unanung'unika. Zakayo anasimama, na mbele ya wote anafungua hesabu mbili. Ya kwanza: nusu ya mali yake anawapa maskini. Ya pili: kila aliyemdhulumu anamrudishia mara nne, kipimo ambacho sheria ya Musa ilimwekea mwizi wa kondoo. Ile ya kwanza ni sadaka, na hakuna aliyeweza kumlazimisha. Ya pili ni deni. Hazichanganyi. Hawaiti waliodhulumiwa waje wapige makofi kwa kurudishiwa chao. Na tazama, haya yote anayasema hadharani, kwa sauti, na Yesu hamwambii anyamaze. Tangazo lenyewe halimsumbui Yesu. Hata sisi lisitusumbue mno: klabu yetu ya mpira, Mazembe, ilianzishwa na Wabenedikto mwaka 1939 kwa jina la Mtakatifu Georges, baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na ikiwa na jina hilo ikawa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Sijasikia shabiki aliyeona aibu.

Hesabu ya pili kwetu si ndogo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga: kobalti ilikuwa juu mno. Mwaka 2020 utafiti mwingine uliofanywa mjini hapa ulionyesha kwamba watoto wenye kasoro za kuzaliwa walikuwa wengi zaidi kwa akina baba wanaofanya kazi za madini. Foraji ikichimbwa mahali ambapo kijito hakinyweki tena kwa sababu ya mgodi, hata ikiwa nzuri namna gani, inaingia kwenye hesabu ya mara nne.

Padri mmoja rafiki yangu ananipinga. Anasema nikifanya kila kitu kuwa deni nitaua upendo. Watu watapokea maji wakiwa wamekunja uso. Nimemkumbusha Mtakatifu Ambrosi, ambaye Papa Paulo VI alimtumia katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa: tajiri anayempa maskini hatoi kilicho chake, anamrudishia. Kwa Ambrosi hata ile nusu ya kwanza ya Zakayo ina harufu ya deni. Mimi siendi mbali hivyo. Naamini zawadi ipo. Yule kijana wa ofisi ya jamii alimlipia mtoto wa jirani yake gharama za hospitali ya Sendwe kwa mshahara wake mwenyewe, na niligundua kwa bahati tu, kwa muuguzi. Kampuni pia ikitoa juu ya sheria, na juu ya madhara yake, nitaisomea sala hata ikichapwa kwa herufi za dhahabu, na nia yake nitamwachia Mungu aipime. Lakini sharti kwanza ionekane kwamba ni juu.

Ndiyo maana kamati ya maji ya ile kartie, ambayo niliisaidia kwa kalamu, iliandika barua fupi. Tuliomba kampuni iongeze ubao wa pili kando ya ule wa kwanza: kiasi gani kwenye foraji hii kimetoka kwenye ile asilimia 0.3, kiasi gani ni fidia, kiasi gani ni zawadi. Na nani atengeneze pampu. Jibu lilifika Desemba, ndani ya bahasha nzuri: kalenda ya mwaka mpya, na kwenye mwezi wa Machi picha ya foraji yetu ikitoa maji. Shefu wa kartie ameitundika ofisini kwake. Barua ya pili tumeipeleka kwa mkono, na safari hii tulidai muhuri wa mapokezi.