Behewa Lisilofika Shibiri

Wako mafundi huko Marekani ambao hukesha juu ya behewa la mizigo lisilofika urefu wa shibiri, mfano wa behewa la futi 40 uliopunguzwa mara 87, wakiliunga kipande kwa kipande. Na kazi yao, ambayo wengi huiita mchezo, kwangu mimi yastahiki heshima ipewayo sanaa.

Mtazame mmoja wao akitia vishikio vya ngazi: kwanza hukwangua kwa kisu vile vya plastiki vilivyotoka kiwandani vimegandamana na ubavu, kisha kwa keekee nyembamba hutoboa matundu mawili, akapitisha waya uliopindwa na kuushika kwa tone la gundi lililochotwa kwa ncha ya sindano. Halafu hulipindua behewa, akapanga mtungi wa hewa, silinda na mabomba ya breki, mahali ambapo, likishasimama relini, hapana jicho litakalopafikia. Na hapo ndipo nionapo ihsani ya ufundi.

Uzito nao una kadiri iliyopendekezwa na NMRA, chama chao kilichoasisiwa mwaka 1935: wakia moja, pamoja na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu, ili behewa lisiache njia. Hata tarikhi hutunzwa, kwani mabehewa ya sanduku yaliyoundwa baada ya 1966 hayakutiwa tena ule ubao wa paani ambao wafanyakazi wa breki waliukanyaga kwa kuhatarisha roho zao. Basi ajengaye behewa la zama za baada ya mwaka huo huuacha ubao, akayaziba matundu yake kabla ya kupaka rangi.