Nikitoka, Nani Ataingia?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tumeisikia tangu utotoni, na ni methali ya kweli, lakini nina shida nayo moja: lawama zote inamtwika mgonjwa. Haimuulizi kwa nini alificha. Haiulizi kama kulikuwa na mtu wa kushika nafasi yake siku ambayo angesema ukweli.

Swali hili nimekuwa nikilizungusha kichwani kupitia raga, mchezo ambao hapa Kilifi hauna umati kama wa kandanda lakini wenyewe wanaupenda kufa. Kinachonivuta zaidi si trai wala mbio za pembeni. Ni sheria za kubadilisha wachezaji. Ukizitazama vizuri, zinajibu swali la maadili: mtu akiumia katikati ya kazi, sisi wengine tunamdai nini?

Kwa miaka mingi jibu la raga ya wachezaji 15 lilikuwa kali. Hakukuwa na benchi. Ukivunjika, timu yako inaendelea na 14. Ni mwaka wa 1968 ndipo mechi za kimataifa zilianza kuruhusu mchezaji aliyeumia atoke na mwingine aingie, mradi daktari athibitishe. Kumtoa mtu mzima wa afya kwa sababu za kimbinu tu, kwamba amechoka au mchezo umemkataa leo, kulikuja 1996. Sasa timu ya taifa inaenda na wachezaji wanane wa akiba. Afrika Kusini ilipoishinda New Zealand 12-11 kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2023, saba kati ya wanane wake walikuwa mafowadi, wale wabeba mzigo wa skramu. Benchi limekuwa silaha.

Hebu rudi kabla ya 1968. Mchezaji aliyevunjika bega alikuwa na njia mbili: abaki na maumivu yake, ama awaache wenzake pungufu. Aliyebaki akaitwa shujaa. Sikatai kwamba alikuwa jasiri. Ila nadhani sifa zile zilifunika pengo. Tulimpigia makofi mtu kwa kuziba nafasi ambayo mpangilio wetu ulishindwa kuziba.

Na hiyo si historia ya mbali. Binamu yangu anacheza safu ya mbele kwenye timu moja ya mtaani. Mechi za ugenini wanaenda na matatu moja, na nauli ikipungua, wanaoachwa nyumbani ni wa akiba. Jioni moja tukila viazi karai aliniambia kwamba kwenye mechi fulani aligongwa kichwa, akawa anaona magoli mara mbili, na akaendelea kucheza.

"Sasa mbona hukumwambia refa?"

"Nikitoka, nani ataingia? Safu ya mbele haingii mtu yeyote tu, ndugu yangu."

Hapo hakunidanganya. Shingo isiyofunzwa ikiingia kwenye skramu inaweza kuvunjika, ndiyo maana sheria inataka wa akiba wa safu ya mbele awe ameifundishwa kazi hiyo. Akikosekana, skramu zinachezwa bila kusukumana, na timu inayotegemea nguvu imeshamalizwa. Kwa hivyo ukweli kuhusu kichwa chake ulikuwa na bei, na wenzake ndio wangeilipa.

Kuna atakayesema wekeni benchi tu, mambo yaishe. Hayaishi. Aprili 2009, London, Harlequins walikuwa nyuma 6-5 dhidi ya Leinster kwenye robo fainali ya Kombe la Heineken. Mpiga mateke wao, Nick Evans, alikuwa ameshatolewa, na sheria ilimruhusu kurudi tu kama mwenzake anavuja damu. Tom Williams akatafuna kidonge cha damu bandia, Evans akarudi, na bado wakashindwa. Siri ilipofichuka, Williams alifungiwa miezi 12, ikapunguzwa hadi minne alipoeleza ukweli. Kocha Dean Richards alifungiwa miaka mitatu.

Binamu alificha jeraha ili abaki. Williams alibuni jeraha ili atoke. Wote wawili walikuwa wanahesabu timu inahitaji nini, na mwili ukapangiwa useme hivyo.

Kwenye majeraha ya kichwa, raga imeamua kumnyang'anya mchezaji uamuzi. Katika mechi kubwa anatolewa kwa dakika 12, daktari anampima, na mwenzake anaingia kwa muda. Akifaulu anarudi. Kwenye mechi za ngazi ya chini, ambako hakuna vipimo hivyo, kanuni ni fupi: ukiwa na shaka, mtoe, na siku hiyo harudi. Mtu anaweza kulalamika kwamba mwili ni wake, aamue mwenyewe. Lakini ubongo unaoulizwa kama uko sawa ndio huohuo uliogongwa. Tena aliyetolewa na refa hajawasaliti wenzake. Mzigo wa kuamua umebebwa na mwingine.

Nikiangalia huku nje ya uwanja, naona jambo ambalo binamu hakuligusa. Kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, au mhudumu wa hoteli Watamu msimu wa watalii, hakosi wa kuchukua nafasi yake. Vijana wamejaa langoni tangu alfajiri. Benchi lake ni refu kuliko la Afrika Kusini. Na bado anaficha homa, anaficha mgongo, kwa sababu akitoka leo, kesho si wake. Kifungua mimba anayelisha nyumba naye anaficha, kwa sababu iliyo kinyume: hana wa akiba hata mmoja.

Ndiyo maana naipenda ile sehemu ya sheria inayohusu damu. Unatoka, unafungwa kidonda, una dakika 15, na ukirudi ndani ya muda huo nafasi yako ipo. Aliyeingia alikuwa amekushikia tu. Kushikiwa nafasi na kunyang'anywa nafasi kwa macho ni kitu kimoja: mmoja anatoka, mwingine anaingia. Tofauti ni ahadi. Nadhani ukweli kuhusu maumivu unahitaji vyote viwili, mtu wa kuingia na ahadi ya kurudi. Kimoja kikikosekana, watu watanyamaza, na methali haitawafungua mdomo.

Nilimwambia binamu hivyo. Akacheka, akasema falsafa yangu ni nauli ya watu watatu. Tumeshaanza kuichanga.