Pendo na Kisasi

Moto ni rafiki wa mwanadamu maadamu umo jikoni. Hupika chakula, hutia joto, hufukuza giza. Lakini moto huo huo ukitoka mafigani ukapanda ukutani, hauulizi nani aliuwasha wala nani alikuwa amelala. Wakazi wa Ayany, mtaa uliopakana na vijiji vya Kibera katika Nairobi, wanalijua vema jambo hili. Nyumba za mabati zilizo jirani nao zimeshikana ukuta kwa ukuta, na moto wa chumba kimoja huwa msiba wa wengi. Pendo ni mfano wa moto huo. Likikaa mahali pake huhuisha. Likigeuka kisasi huunguza hata wasiohusika.

Nataka katika insha hii tuchunguze swali moja. Mtu atendapo uovu kwa sababu ya mapenzi, je, kosa lake ni kupenda mno, au ni kutojua kupenda? Swali hili si dogo. Katika matatu ya kwenda Ayany husikika kijana akisema juu ya msichana wake, nusu kwa mzaha, kwamba akimwacha atamtambua yeye ni nani. Wenziwe hucheka na kumsifu kuwa amependa kweli. Yafaa tujue kama sifa hiyo ni ya haki.

Vitabu vya Waingereza vimelitazama swali hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 17 William Shakespeare aliandika mchezo wa Othello. Othello ni jemadari wa Venisi, shujaa wa vita, naye amemwoa Desdemona, mwanamke aliyeiacha nyumba ya baba yake kwa ajili yake. Iago, askari aliye chini ya amri yake, anamtia shaka kwamba mkewe ana mpenzi mwingine, na leso iliyopotea inafanywa ushahidi. Kwa ajili ya leso hiyo Othello anamuua mkewe kitandani. Kisha kweli inadhihirika, naye anajiua. Kabla ya kufa anaomba akumbukwe kama mtu aliyekosa busara katika kupenda, lakini aliyependa kupita kiasi.

Wasomaji wengi wameyapokea maneno hayo kwa machozi. Mimi nayakubali nusu. Busara hakuwa nayo, ni kweli. Lakini je, alipenda kupita kiasi? Mtu apendaye huuliza, na akiisha kuuliza husikiliza. Desdemona aliomba aachwe hai hata kwa nusu saa, asipewe. Leso iliaminiwa kuliko ulimi wake. Kilichozidi katika moyo wa Othello kilikuwa hofu ya kuaibika, na hofu hiyo ilijivika joho la mapenzi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1847 Emily Brontë, binti wa kasisi wa Yorkshire, alitoa kitabu kiitwacho Wuthering Heights. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 30, bila ya kutoa riwaya nyingine. Humo twasoma habari za Heathcliff, mtoto asiye na kwao aliyeokotwa katika mitaa ya Liverpool na mzee Earnshaw, akalelewa pamoja na watoto wake, Hindley na Catherine. Mzee alipokufa, Hindley alimshusha Heathcliff akawa mtumwa wa shamba, akamnyima masomo. Catherine alimpenda, lakini siku moja Heathcliff alimsikia akisema kwamba kuolewa naye kungemshushia hadhi. Aliondoka pale pale, asingoje kusikia maneno yaliyofuata, ambayo yalikuwa ya mapenzi makubwa.

Alirudi baada ya miaka mitatu akiwa tajiri, na Catherine amekwisha kuolewa na Edgar Linton. Hapo ndipo kisasi kilipoanza. Alimvuta Hindley katika kamari mpaka nyumba yake ikawekwa rehani. Alimwoa Isabella, dada yake Edgar, bila ya kumpenda, ili amtese. Catherine alipokufa baada ya kujifungua binti, kisasi hakikufa naye. Heathcliff alimlea Hareton, mwana wa Hindley, katika ujinga, asijue kusoma hata jina lake, kama yeye mwenyewe alivyonyimwa masomo. Kisha akamlazimisha binti wa Catherine aolewe na mwanawe aliyekuwa mgonjwa, ili mali ya Edgar imwangukie.

Tuwahesabu walioumizwa. Hindley alikuwa na kosa. Lakini Isabella alimkosea nini? Hareton, aliyekuwa mtoto mchanga? Binti wa Catherine, ambaye hakuwa amezaliwa siku ile maneno machungu yaliposemwa? Hapa ndipo kisasi kinapotengana na haki. Haki hulipima kosa, ikamwadhibu mkosaji, ikakoma. Kisasi hakina mizani. Kikimkosa mwenye deni humdai mwanawe. Aliyedhulumiwa katika Ayany aweza kwenda kwa wazee, au katika Mahakama ya Kibera, akasikilizwa na mtu asiyekuwa na hasira. Mlipiza kisasi ni mshitaki, shahidi, hakimu na mwenye upanga, wote katika mwili mmoja.

Charles Dickens naye, katika kitabu cha Great Expectations kilichotoka mwaka 1860 na 1861, alimchora Miss Havisham, bibi aliyeachwa siku ya harusi yake. Alizisimamisha saa zote za nyumba, asivue gauni la arusi miaka na miaka, akamlea msichana Estella avunje mioyo ya wanaume. Estella alifuzu mafunzo hayo hata akashindwa kumpenda mlezi wake mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Turudi kwetu, maana hadithi hizi si za Uingereza peke yake. Tarehe 27 Januari, mwaka 2024, maelfu ya watu waliandamana katika Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Duniani kote, wengi wa wanawake wanaouawa huuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Basi mzaha wa kwenye matatu si mzaha mtupu. Asemaye "atanitambua" amemfanya mwenzake kuwa mali, na mali haina ruhusa ya kwenda itakako. Pendo la kweli humtakia mwenzako mema, hata mema hayo yasipopita mlangoni pako. Aliyeachwa ana haki ya kulia. Hana haki ya kulipiza.

Mwisho wa Heathcliff una fundisho ambalo mwanafunzi asiliache. Alipokuwa na uwezo wa kuziangamiza nyumba zote mbili, aliona hamu ya kuangamiza imemtoka, wala hakubakiwa na furaha ya kuweka mahali pake. Wakati huo huo, katika nyumba ile ile, binti wa Catherine alikuwa ameketi na Hareton akimfundisha kusoma. Mwanzoni alikuwa amemcheka kwa ujinga wake. Sasa alimwomba radhi, akampa kitabu. Yaliyoharibiwa kwa miaka mingi yalianza kutengenezwa kwa herufi chache na uvumilivu. Na Heathcliff alipokufa, aliyemlilia kwa uchungu alikuwa Hareton, yule aliyedhulumiwa kuliko wote.

Basi Heathcliff na Othello hawakuharibiwa na wingi wa mapenzi. Waliharibiwa na kutaka kumiliki, wakakuita huko kumiliki kupenda. Moto huzaa jivu, lakini mafigani huzaa chakula. Kila mmoja wetu atapewa moto huu siku moja, naye ataulizwa aliuweka wapi.